Manga na anime za mapenzi: ipi uanze nayo, ipi uiruke

Wapenzi wa kwenye anime, yaani katuni za video za Kijapani, wakifika epsodi ya kumi bila kuambiana neno, usidhani ni haya tu. Mara nyingi ni mwandishi anapiga danadana: neno likishasemwa hadithi haina pa kwenda, na gazeti linalochapisha manga yake, yaani hadithi hiyo kwa michoro ya karatasi, linataka sura nyingine wiki ijayo. Ukimya huohuo ndio unaomlinda mvulana mkorofi. Anamvuta msichana mkono, anamfokea, anamfuata hadi nyumbani, na kwa kuwa hakuna anayekaa chini kuzungumza, hakuna anayemwambia amekosa. Ndiyo maana hadithi legelege na uhusiano mbovu hutembea pamoja, na ndiyo maana hapa kazi zinapimwa kwa maswali mawili tu. Mtu akiumizwa, hadithi inaona? Na tatizo ambalo lingekwisha kwa maongezi ya dakika moja, kuna sababu gani ya kutoongewa?

Miisho ya kazi kadhaa imetobolewa humu. Kwa baadhi yake, mwisho ndio sababu ya kuziacha.

Mkorofi anapogeuka mchumba

Mkongwe wa kundi hili ni Hana Yori Dango ya Yoko Kamio, iliyoanza 1992 kwenye gazeti la Margaret na kufikia juzuu 37. Wengi waliikuta kwanza kama tamthilia: Taiwan waliitoa 2001 kwa jina la Meteor Garden, Japani 2005, na Korea Kusini 2009 kwa jina la Boys Over Flowers. Tsukushi Makino anatoka familia ya hali ya chini lakini anasoma shule ya watoto wa matajiri, inayotawaliwa na wavulana wanne. Ukipata karatasi nyekundu kutoka kwao, shule nzima inakugeuka. Kiongozi wao, Tsukasa Domyoji, anampa Tsukushi karatasi hiyo, kisha anaagiza wavulana wamvamie. Rui Hanazawa, mmoja wa wale wanne, ndiye anayewazuia. Na huyo Domyoji ndiye steringi.

Kwa swali la kwanza kazi hii inafeli mapema. Uvamizi ule haumgharimu aliyeuagiza chochote cha maana, na baada ya juzuu chache unasomeka kana kwamba ulikuwa utundu. Kwa swali la pili inafaulu, na hapo ndipo ilipopata maisha marefu. Kinachowatenganisha wawili hawa baadaye ni mama mwenye fedha na nguvu asiyetaka mkwe maskini. Hilo halimalizwi na maongezi ya dakika moja, na Tsukushi anapambana nalo kwa mdomo wake na kwa mikono yake. Isome kama hadithi ya tabaka na utaielewa. Ila ujue kuwa karibu na mwisho Domyoji anachomwa kisu na kupoteza kumbukumbu za mtu mmoja tu, Tsukushi. Mwandishi akifikia kumsahaulisha mpenzi, maana yake ameishiwa vikwazo vya kweli.

Ookami Shoujo to Kuro Ouji ya Ayuko Hatta haina hata utetezi huo. Erika Shinohara amewadanganya wenzake kuwa ana mpenzi, anampiga picha mvulana mzuri barabarani iwe ushahidi, kumbe wanasoma shule moja. Kyoya Sata anakubali kuigiza kwa sharti kwamba Erika awe mbwa wake. Amri ya kwanza: azunguke mara tatu, atoe mkono, abweke. Tukio hilo linachezwa kama kichekesho. Sasa tazama mtambo unaoisukuma hadithi nzima. Wasichana anaowadanganya Erika anawafuata tu asibaki peke yake darasani. Rafiki wa kweli, Ayumi Sanda, anaujua uongo huo tangu mwanzo. Kwa hiyo mateso yote yanategemea siri ambayo mhusika angeweza kuitoa muda wowote akabaki na rafiki anayemfaa zaidi.

Kyoya hubadilika, lakini kwa vipande: kejeli, kejeli, kejeli, kisha neno moja tamu. Msomaji naye anafunzwa kulisubiri lile neno tamu na kulihesabu kama zawadi. Huo ndio ubaya wenyewe wa kazi za aina hii, zaidi ya tukio lolote moja la kufokeana. Mtu anayeishi na mkorofi ndivyo anavyohesabu siku zake.

Anime yake ilitoka 2014, mwaka uleule ambao kabedon, yaani mvulana kumbana msichana ukutani na kupiga ukuta kwa kiganja pembeni ya kichwa chake, iliingia kwenye kumi bora za maneno ya mwaka huko Japani. Pozi hilo halitoshi kuhukumu kazi. Angalia picha ya kisanduku kinachofuata. Msichana ana njia ya kutoka? Anaulizwa kitu? Mwandishi makini huchora uso wake. Mvivu huchora maua. Tonari no Kaibutsu-kun ya Robico ni mfano wa kuumiza kichwa: katika epsodi ya kwanza Haru Yoshida anamburuta Shizuku Mizutani kichochoroni na kumtishia kumbaka akipiga kelele, na tishio hilo linapita kama mzaha. Baada ya hapo inakuwa hadithi nzuri kweli ya watu wawili wasiojua kuishi na wenzao. Ukiweza kuivuka epsodi hiyo, endelea. Usipoweza, una haki.

Watetezi husema soko ndilo linalotaka wakorofi. Jibu lake ni Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina, iliyotoka kwenye Bessatsu Margaret, gazeti lilelile la Ookami Shoujo, ikafika juzuu 30. Sawako Kuronuma anaogopwa darasani kwa nywele zake ndefu nyeusi. Wanamwita Sadako, yule mzimu wa filamu ya Ringu. Shota Kazehaya anamsalimia kama mtu. Ubaya upo humu pia: Ume Kurumizawa anasambaza uvumi ili Sawako atengane na Ayane Yano na Chizuru Yoshida. Ila fuata kinachotokea. Sawako, ambaye sauti yake haisikiki hata akijibu swali la mwalimu, anawakabili wanaowasema vibaya rafiki zake. Watatu hao wanaambiana ukweli na kulia. Aliyeanzisha uvumi anajulikana, anaulizwa, anakiri, na hadithi haimtupi. Anabaki kuwa mtu mwenye maumivu yake. Kosa limeonekana, limetajwa kwa jina, limelipiwa. Hivyo ndivyo swali la kwanza linavyofaulu.

Udhaifu wa Kimi ni Todoke ni mwendo. Msimu wa kwanza una epsodi 25, na bado kuambiana kunasubiri msimu wa pili, 2011, baada ya chokoleti ya Valentine ambayo Sawako alishindwa kuitoa kuzaa kutoelewana kurefu kuliko inavyostahili. Tofauti na Erika, ukimya wa Sawako una mzizi: mtu ambaye hajawahi kupendwa na kundi atauona wema wa mvulana kama wema anaompa kila mtu. Unachoka, lakini unamwamini.

Danadana, na namna ya kuzitambua

Gazeti la kila wiki humpa mwandishi takriban kurasa 20 kwa sura. Zinatosha tukio moja na mshtuko wa kumalizia, basi. Magazeti ya kila mwezi huwa na sura ndefu zaidi, na ndiyo maana ugomvi wa wapenzi ndani yake mara nyingi huanza na kwisha katika sura moja. Na maadamu juzuu zinauzwa, hakuna anayemharakisha mtu kufunga hadithi.

Kanojo, Okarishimasu ya Reiji Miyajima imo kwenye Weekly Shonen Magazine tangu 2017 na imepita sura 300. Kazuya Kinoshita ameachwa na Mami baada ya mwezi mmoja wa uchumba, anakodi mpenzi kupitia programu ya simu, anakuja Chizuru Mizuhara. Bibi yake Kazuya anamwona, anafurahi, uongo unaanza. Hadi hapo ni mwanzo mzuri, na sababu ya kutosema ukweli ipo: bibi wawili wenye afya mbovu. Kisa cha filamu wanayoitengeneza ili bibi yake Chizuru amwone mjukuu wake akiigiza, kilichomo kwenye msimu wa tatu, ni kazi ya mtu anayejua kuandika. Shida ni kinachofuata. Kikwazo kikubwa kimeondoka, wawili hao bado hawasemi, na sura inaweza kwisha Kazuya akiwaza tu ndani ya kichwa chake. Wakati huohuo Ruka Sarashina, aliyejilazimisha kuwa "mpenzi wa majaribio", anazungushwa bila kuambiwa ndiyo wala hapana. Anayedhulumiwa hapo ni Ruka, na hadithi inamfanya kero badala ya kuona kuwa Kazuya ndiye anayemla muda wake. Danadana na uhusiano mbovu, kitu kimoja.

Kaguya-sama wa Kokurasetai ya Aka Akasaka ilikuwa na kila sababu ya kufanya hivyohivyo. Wazo lake lote ni viongozi wawili wa serikali ya wanafunzi, Kaguya na Shirogane, wanaopendana lakini kila mmoja anataka mwenzake akiri kwanza. Akasaka aliandika miaka saba, 2015 hadi 2022, juzuu 28, na alifanya jambo ambalo wenzake wengi huliogopa: aliwaacha wakiri na kubusiana kwenye tamasha la shule, kisha akaendelea. Baada ya busu swali linageuka: sasa mmejuana, je, utamwonyesha sura yako isiyo na maigizo? Ukimya wa mwanzo unapewa chanzo (malezi ya Kaguya, umaskini wa Shirogane) na baadaye unalipiwa. Epsodi za mwanzo zina mizaha inayojirudia. Vumilia hadi msimu wa pili, kisa cha Yu Ishigami, mwenzao kwenye serikali hiyo, ndicho kitakachokuonyesha kuwa hii si vichekesho vitupu.

Kisha kuna Tsuki ga Kirei ya 2017, ambayo haikutokana na manga wala riwaya. Iliandikwa kuwa anime ya epsodi 12, kwa hiyo hakukuwa na juzuu za kuuza mbele. Kotaro Azumi na Akane Mizuno wako darasa la mwisho la shule ya kati mjini Kawagoe. Kotaro anakiri mwishoni mwa epsodi ya tatu. Jibu linakuja epsodi ya nne, kwenye safari ya shule ya Kyoto, baada ya siku nzima ya kupishana kwa sababu mwalimu amemnyang'anya Kotaro simu. Hebu linganisha: kikwazo ni simu iliyokamatwa, kinadumu epsodi moja, kinakwisha kwa wawili hao kuonana uso kwa uso, na Akane anamwambia wazi kuwa alikasirika na kwa nini. Ujumbe wa simu unaopita chini ya majina ya mwisho wa epsodi ya 12 unawafikisha hadi ndoa na mtoto. Kwa anayehesabu bando, hii ni chini ya saa tano zote.

Dalili za haraka za danadana: fataki, treni au simu inayoita mara tu mtu anapofungua mdomo. Mara ya kwanza ni utani, mara ya tatu ni uvivu. Nyingine ni mhusika mpya kuletwa kila baada ya juzuu mbili kwa kazi moja tu ya kumpenda mmoja wa wale wawili.

Anime au manga yake?

Hapa wengi hupotea. Epsodi 12 kwa kawaida hubeba juzuu nne au tano za manga ya mwezi bila kuibana. Kabla hujaanza, chukua idadi ya juzuu zote, igawe kwa hesabu hiyo, utajua kama unaenda kuona hadithi au tangazo la hadithi. Ao Haru Ride ya Io Sakisaka ina juzuu 13 na anime moja tu ya epsodi 12 ya 2014: inakatika Futaba na Kou wakiwa njiani. Anime nzuri, ila ukiipenda itabidi ushike manga.

Horimiya ni kinyume chake. Juzuu 16 zilibanwa kwenye epsodi 13 za 2021, hadi mahafali. Faida ni kwamba Hori na Miyamura wanakuwa wapenzi mapema na unaona uhusiano ukiendelea, jambo adimu. Hasara, wapenzi wa pembeni wanapita kama watu wa kwenye daladala. Msimu wa 2023 ulikuja kurudisha vipande vilivyoachwa. Jambo la kuangalia ni ule mzaha wa Hori kumtaka Miyamura amfokee na kumfanyia ukali. Miyamura mwenyewe hapendi, na mzaha unarudi tena na tena. Ukigeuza jinsia zao, wengi wasingecheka.

Kwa Usagi Drop ya Yumi Unita shauri ni fupi: tazama anime (epsodi 11, 2011), usiguse nusu ya pili ya manga. Daikichi, kijana wa miaka 30, anamchukua Rin wa miaka sita, anayedhaniwa kuwa mtoto wa marehemu babu yake, amlee. Anime inaishia kwenye malezi hayo, na ni nzuri sana. Manga inaruka miaka kumi, Rin anampenda mlezi wake, inagunduliwa kuwa hawana undugu wa damu, na wanakubaliana kuoana. Ugunduzi huo wa damu umewekwa kufungua mlango ambao malezi yalishaufunga.

Ubaya ambao mwandishi anaujua

Hadithi yenye uhusiano mbaya si lazima iwe hadithi mbaya. Fruits Basket ya Natsuki Takaya imejaa ukatili: Akito, mkuu wa ukoo wa Sohma, alimfungia ndugu yake Yuki kwenye chumba cha giza akiwa mtoto, alimjeruhi Hatori jicho, alimsukuma Rin (si yule wa Usagi Drop) dirishani. Lakini toleo la 2019 hadi 2021, epsodi 63, linatumia muda wake mwingi kuonyesha vitu hivyo vilifanya nini kwa watu, na Akito anapotaka kuanza upya, Rin hamsamehi na hadithi haimlazimishi. (Toleo la 2001 lina epsodi 26 na halifiki huko, liruke.) Hata hivyo kazi hii ina upofu wake. Wazazi wa Tohru, mhusika mkuu, walikutana baba akiwa mwalimu wa mafunzo na mama akiwa mwanafunzi wa shule ya kati, na hilo linasimuliwa kama penzi tamu, hadi filamu ya 2022. Kazi inayomwona Akito vizuri namna ile ilipaswa kumwona na huyo mwalimu.

Domestic na Kanojo ya Kei Sasuga, juzuu 28, nayo ina mwalimu na mwanafunzi, tena mwanafunzi Natsuo, mwalimu Hina na mdogo wake Rui wanakuwa ndugu wa kambo. Mwanzoni inaonekana kujua uzito wake. Uhusiano ukigundulika Hina analazimika kuondoka. Kisha vikwazo vinaongezwa juu ya vikwazo: ajali, kuzimia kwa miaka, mtoto. Mwisho Natsuo, aliyezaa na Rui, anamwoa Hina, na Rui anajitoa kwa hiari. Hakuna anayemwuliza Natsuo chochote kigumu. Ukitaka mshtuko wa kila sura utaupata humu. Usitegemee kuwa juzuu 28 zitakulipa kwa kumjali Rui.

Wa kulinganisha nayo ni Nana ya Ai Yazawa. Hachi, mmoja wa wasichana wake wawili wakuu, anamchagua Takumi, mwanamume anayempangia maisha, na hadithi inakuonyesha kwa nini mtu mwenye akili zake angefanya hivyo: ana mimba, anaogopa, na Takumi ndiye anayesema "nitashughulikia" wakati wengine wanababaika. Unaona faraja na unaona bei. Hakuna maua yanayochorwa juu ya tukio.

| Kazi | Urefu wa anime | Anime inafika mwisho? | Mtu akiumizwa |
|---|---|---|---|
| Tsuki ga Kirei | epsodi 12 | Ndiyo | Wanazungumza |
| Kimi ni Todoke | misimu 3, wa mwisho 2024 | Hapana, manga ndiyo imekamilika | Anayeumiza anakiri |
| Kaguya-sama | misimu 3 na filamu ya 2022 | Filamu inatosha kama kituo | Chanzo kinafukuliwa |
| Horimiya | epsodi 13, kisha 13 | Ndiyo, mbiombio | Mara nyingine ni mzaha tu |
| Fruits Basket (2019) | epsodi 63 | Ndiyo | Inaona, isipokuwa wazazi |
| Ookami Shoujo | epsodi 12 | Hapana | Anazawadiwa neno tamu |
| Kanojo, Okarishimasu | misimu 4 hadi 2025 | Hapana | Ruka anasubiri |

Kama unamchagulia mdogo wako wa miaka 13, mpe Tsuki ga Kirei, kisha Kimi ni Todoke akiwa na subira. Nana na Domestic ni za watu wazima. Ukiwa umechoka na shule kabisa, Wotakoi ya Fujita ina epsodi 11 za watu wa ofisini, na Narumi na Hirotaka wanakuwa wapenzi ndani ya epsodi ya kwanza. Ni nyepesi, haikubakizi na mengi ya kuwaza. Anayetaka uchungu unaoheshimu akili yake aende Nana, epsodi 47 za studio ya Madhouse za 2006 hadi 2007, akijua jambo moja mapema: Yazawa aliugua 2009, manga ikasimama kwenye juzuu ya 21, na haijaendelea.